Geti Mbili

Kelvik ina watu mia nane na kumi na wawili,
na mbwa ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu
mpaka Lorna Toews alipozunguka mji na daftari,
akagonga kila mlango, akauliza jina, umri, na kama anauma.
"Nani, mimi au mbwa?" akajibu Orest Hnatiuk,
akafunga mlango. Lorna akaandika: wote wawili.

Mia moja arobaini na watatu.
Wengi kuliko watoto wa shule,
na shule yenyewe imefungwa tangu mwaka juzi.

Kiwanja kilikuwepo, pale lilipobomolewa ghala la nafaka,
kando ya reli isiyopita treni:
magugu kiunoni, misumari, vigae vya chupa.
Baba alifanya kazi pale miaka thelathini na mmoja,
akikoholea vumbi la ngano kwenye leso.
Kwa hiyo nilipinga.
Nilisimama mbele ya baraza la mji nikasema,
mtu kaacha mapafu yake mahali pale,
leo mnataka pawe choo cha mbwa?
Ukicheza na mbwa, nikasema, atakufuata hadi ibadani.
Na kweli, chini ya meza, Biskuti wa Lorna
alikuwa anatafuna kumbukumbu za kikao kilichopita.

Kura nne kwa tatu.
Nilishindwa mdomo ukiwa wazi.

Wakauza chapati za maji kanisani, wakauza chupa tupu,
wakapigia bahati nasibu blanketi la viraka
(akashinda mtu wa mji wa pili, akalirudisha).
Uzio ukang'olewa kwenye uwanja wa shule.
Kisha wakaja kwangu kuomba geti,
maana mchomeleaji nimebaki mimi peke yangu,
na aliyeshindwa kura bado hulipa umeme.

Geti lenyewe ni mageti mawili.
La kwanza, kisha kijichumba cha waya, kisha la pili.
Sheria ni moja: usifungue la mbele
kabla hujafunga la nyuma.
Nimewaza sana sheria hiyo. Mbwa huielewa haraka.

Januari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
Orest alikuwa anaingia, ndugu yake Taras anatoka.
Hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao;
kisa ni trekta, wengine husema ni vijiko.
Barafu ikauma makomeo yote mawili.
Wakabaki humo, wazee wawili, mbwa wawili,
kamba zimezunguka miguu yote kumi na miwili na bakora moja.
Nilipopigiwa simu nilichukua muda mrefu kuvaa buti.

Sijui walisema nini.
Nilipofika na moto wangu wa gesi
Orest alikuwa ameshika kamba zote,
Taras kavua glavu, analegeza fundo kwa meno.
Hakuna aliyemkumbatia mwenzake.
Nikayeyusha barafu, wakatoka,
mmoja kulia, mmoja kushoto, kama waliotoka kwa daktari wa meno.
Machi nilimwona Taras anatoka uani kwa Orest
amebeba betri ya trekta. Basi.

Mimi sina mbwa.
Jumapili naenda na kopo la mafuta kulainisha bawaba,
Lorna ananiita mlinzi, nami simkatalii.
Kuna jambo sikuliandika kwenye ankara:
nguzo ya kushoto ni bomba, wazi ndani,
na kabla sijaiziba juu kwa bamba
niliitumbukiza humo ile leso.

Kila mbwa anayeingia hapo husimama,
hunusa nguzo hiyo, si nyingine,
hufikiri kidogo, huinua mguu.

Baba angecheka
mpaka akohoe.